Miezi Mitano ya Kutembea, Kilo Moja na Nusu

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Korogwe akitaka kujua jambo moja tu: akianza kutembea kila asubuhi kama ninavyofanya mimi, atapungua? Daktari amemwambia uzito umezidi, magoti yameanza kumsumbua anapopanda ngazi, na yeye si mtu wa kukimbia wala wa kunyanyua vyuma. Nilimjibu kwamba atapungua, lakini kidogo sana, akanyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Jibu langu lilikuwa fupi kuliko jambo lenyewe, kwa hiyo nimeona niliandike hapa kwa kirefu, pamoja na hesabu ambazo mimi mwenyewe nilichelewa kuzifanya ingawa hesabu ndiyo kazi inayonilisha.

Nilianza kutembea mwezi Novemba, miaka miwili iliyopita, nikiwa na kilo 89 kwa urefu wa sentimita 168. Kazi yangu ni ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na kwenda na kurudi kazini nilikuwa napanda bodaboda, ingawa Tanga ni mji tambarare ambao wazee wetu waliuzunguka kwa baiskeli bila kutweta. Njia yangu ya asubuhi ilikuwa kutoka Ngamiani, kuvuka reli, kushuka hadi Bustani ya Jamhuri mahali ambapo unaiona bandari na Kisiwa cha Toten kikiwa mbele yako, kisha kugeuka na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Dakika 45, siku tano kwa wiki. Mwendo wenyewe ulikuwa ule wa mtu anayewahi daladala lakini hataki kuonekana anakimbia: ningeweza kuzungumza na mwenzangu, lakini nisingeweza kumwimbia. Wataalamu hutumia kipimo hicho hicho cha kuzungumza na kuimba kutambua mazoezi ya wastani. Ukiweza kuimba bila shida, basi ni mazoezi mepesi kabisa.

Mwishoni mwa Machi nilipanda mzani wa zahanati. Ulisoma kilo 87.4. Miezi mitano ya kuamka alfajiri, jozi moja ya raba iliyolika kisigino, na faida yake ni kilo moja na nusu na ushei. Nilimuuliza muuguzi kama mzani ule ni mzima. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akasema ni mzima.

Jioni ile nilichukua kalamu. Mtu anapotembea kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, mwili wake hutumia nishati takribani mara tatu na nusu ya ile ambayo ungeitumia akiwa amekaa tu. Katika hiyo, sehemu moja ungeitumia hata kama angebaki kitandani, kwa hiyo haistahili kuhesabiwa kama faida ya matembezi. Inayobaki, kwa mtu wa kilo 89 anayetembea dakika 45, ni kama kalori 160. Siku tano zinaleta 800. Kilo moja ya mafuta ya mwilini, kwa upande wake, imebeba kalori zinazokaribia 7,700. Ukigawanya unapata wiki tisa na nusu kwa kilo moja, na mimi nilikuwa nimetembea wiki 21. Mzani haukuwa mbovu wala mwili wangu haukuwa na kasoro. Nilipata karibu kile nilichostahili, pungufu kidogo, na pungufu hiyo nayo ina maelezo yake.

Maelezo ya kwanza yalikuwa mezani. Jumamosi tulikuwa tunatembea kwa kundi, watu wanane au tisa wa mtaani, na matembezi yalikuwa yanaishia kwa mama mmoja anayeuza supu. Tulikunywa supu ya ng'ombe yenye mafuta yanayoelea juu, chapati mbili kila mmoja, na soda kwa asiyependa chai, na hakuna aliyeona tatizo kwa sababu tulikuwa tumeshafanya mazoezi. Chapati moja ya kusukuma iliyopakwa mafuta vizuri hufika kalori 300 kwa urahisi. Mbili, kabla hujaigusa supu, zimekwisha kulipa na kuzidi matembezi ya siku tatu. Soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia gramu 30, yaani kalori 120 hivi, na huisha kwa dakika nne hata kwa mtu asiye na haraka.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na kijiko cha chai hubeba gramu nne hadi tano. Hizo ni kalori 145 hadi 180 kwa siku, siku zote saba, Jumapili pamoja na sikukuu. Maana yake ni kwamba sukari ya chai peke yake, kitu ambacho sikuwahi hata kukihesabu kuwa chakula, ilikuwa inazidi matembezi yangu yote. Haba na haba hujaza kibaba, na kitambi nacho hujazwa vivyo hivyo.

Maelezo ya pili ni ya ndani zaidi, na yamenivutia kwa sababu utafiti wake ulifanyika hapa kwetu. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwapa watu wazima maji yenye oksijeni na haidrojeni zilizowekewa alama, wakafuatilia alama hizo katika mkojo kwa siku kadhaa ili kujua mwili unachoma nishati kiasi gani kwa ujumla, kulala na kuamka. Kila mtu angetarajia kwamba wanaume wanaotembea zaidi ya kilomita kumi kwa siku wakifuata wanyama, na wanawake wanaochimba mizizi katika ardhi ngumu, watakuwa wanachoma nishati nyingi kuliko karani wa Marekani. Haikuwa hivyo. Tofauti ya ukubwa wa miili ilipozingatiwa, Wahadzabe na Wamarekani walikuwa wanatumia nishati inayolingana.

Pontzer aliendelea kueleza kwamba mwili una bajeti. Ukiuongezea kazi ya kutembea, baada ya muda hubana matumizi mahali pengine: katika shughuli za ndani za seli, katika mwitikio wa kinga, na hata katika zile harakati ndogondogo tusizozihesabu. Wapo wataalamu wanaobishana naye kuhusu ukubwa wa ubanaji huo, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Ila hakuna anayebisha kwamba Mhadzabe ni mwembamba, na kwa hesabu ya Pontzer sehemu kubwa ya wembamba huo inatokana na kinachoingia kinywani mwake. Kuhusu zile harakati ndogondogo, ushahidi wangu ni wa nyumbani. Mke wangu aliwahi kuniambia kuwa tangu nianze kutembea alfajiri, jioni siinuki tena kwenda kuchukua maji jikoni, nawatuma watoto. Nilikataa, kisha nikajichunguza, nikakuta ni kweli.

Hapa niseme neno kuhusu dai ambalo nimelikuta limebandikwa ukutani katika chumba kimoja cha mazoezi, na ambalo husambazwa sana katika makundi ya simu: kwamba mazoezi mepesi huchoma mafuta zaidi kuliko mazoezi makali, kwa hiyo anayetaka kukata kitambi asijichoshe. Dai hili lina ukweli uliokatwa nusu. Mwili unapofanya kazi polepole, sehemu kubwa ya nishati yake huitoa katika mafuta. Kasi inapoongezeka, hugeukia zaidi sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Lakini sehemu kubwa ya kitu kidogo inaweza kuwa ndogo kuliko sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Mtu akitembea nusu saa na mwenzake akakimbia nusu saa, anayekimbia hutumia nishati zaidi ya maradufu. Isitoshe, mwili haufungi hesabu zake kila saa. Mafuta uliyoyachoma asubuhi utayarudisha mchana ukila kuliko unavyotumia, na sukari uliyoichoma ukikimbia itafidiwa baadaye kwa mafuta ukila pungufu. Ndiyo maana hata wanaosisitiza kutembea kabla ya kifungua kinywa hawapati unafuu wa maana katika uzito, chakula cha siku nzima kikiwa kilekile. Kuhusu wanaojifunga nailoni tumboni ili watoke jasho jingi, jasho ni maji, na hurudi na bilauri ya kwanza.

Niliporudi nyumbani na karatasi yangu ya hesabu, mke wangu hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Baba Zuhura, wewe ulikuwa unatembea ili ule." Yeye ndiye mwenye jiko, na tulikaa tukakubaliana mambo machache ambayo nisingeweza kuyafanya bila yeye. Sukari ya chai ilishuka hadi kijiko kimoja, kisha nusu, kisha ikaachwa. Wiki tatu za kwanza chai ilikuwa kama dawa, na baada ya hapo chai yenye sukari ndiyo ikawa hainyweki. Mafuta ya kupikia yalianza kupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa, kwani kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120, na sisi watu wa Tanga tunaweza kumimina vinne katika sufuria moja ya maharage bila kujiona wakosaji. Sahani ya wali ilibaki ileile, ila nusu yake ikawa mchicha au matembele. Kisamvu kilipangiwa siku zake, maana kikishapata tui zito na karanga hakiwezi tena kuitwa mboga nyepesi, hata kama ni majani.

Matembezi sikuyaongeza wala sikuyapunguza. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba nilitoka kilo 87.4 hadi kilo 80. Dakika zilikuwa zilezile na njia ilikuwa ileile; kilichobadilika ni jiko. Mtu makini ataniuliza basi kwa nini nimeendelea kuamka alfajiri, na hilo ndilo swali ambalo mdogo wangu alistahili kujibiwa badala ya lile aliloliuliza.

Kwanza, katika ile miezi mitano ya mwanzo iliyonikatisha tamaa, mkanda wangu ulikuwa umesogea tundu moja na sikuupa uzito. Kiuno kilikuwa kimetoka sentimita 106 hadi 102. Mafuta ya mwilini hayafanani yote. Yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa moyo na kwa sukari ya damu, na ndiyo yanayoitika mapema mtu anapoanza kutembea, hata kama mzani haujashuka. Kwa mwanamume, kiuno kinachozidi sentimita 102 huhesabiwa kuwa hatari kubwa. Kwa mwanamke ni sentimita 88. Laiti ningeanza na utepe wa fundi cherehani badala ya mzani, ningejua mapema kwamba sikuwa napoteza muda.

Tofauti hiyo ya kiuno ilikwisha kuonekana zamani sana huko London. Daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha mwaka 1953 utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, wakaonyesha kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi mchana kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Miaka mitatu baadaye wakaangalia vipimo vya sare walizogawiwa, wakakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hawakuishia kushangilia. Tofauti ya viuno ilikuwapo hata kwa walio vijana, kwa hiyo iliwabidi wajiulize kama kazi ndiyo iliyowanenepesha madereva au watu wenye miili mikubwa ndio waliovutiwa na kazi ya kukaa. Nawaona makonda wetu wa daladala, wembamba wanaoning'inia mlangoni, na dereva mwenye tumbo linalogusa usukani, nami hujiuliza vivyo hivyo.

Pili, kutembea kuna faida ambazo mzani hauzisomi. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari katika damu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo. Shinikizo la damu nalo hushuka kiasi. Langu lilishuka kabla uzito haujashuka, na hilo ndilo lililomfurahisha daktari wangu kuliko kilo zote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa kasi. Walioingia katika kundi hilo walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Tazama, lakini, kwamba lengo lilikuwa chakula na mwendo kwa pamoja. Asiyekuwa mwangalifu angeweza kuinukuu takwimu hiyo kana kwamba ni ya matembezi peke yake.

Tatu, na hili nimelijua kwa kuumia, kutembea ni mlinzi wa kile ulichokwisha kukipunguza. Masika ya mwaka huu yalikuwa na mvua za alfajiri mfululizo, nami nikaacha kutembea kwa wiki saba nikijiambia kwamba jiko lipo, sina wasiwasi. Nilipopanda mzani ulikuwa 82.3. Nilifanya hesabu tena: matembezi yaliyokosekana yangeeleza kilo 0.7 tu. Kilo moja na zaidi iliyobaki ilitoka wapi? Ilitoka kwangu. Siku nisipotembea, mdomo nao hulegea. Naongeza kijiko cha wali, nakubali andazi la ofisini, nachelewa kulala na kula karanga mbele ya televisheni. Mtu aliyeamka saa kumi na moja na nusu kwa ajili ya afya yake huona haya kuiharibu saa nne asubuhi. Hilo halimo katika jedwali lolote la kalori, lakini kwangu limekuwa na uzito kuliko zile kalori 160.

Sidhani kama niko peke yangu katika hili. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa bila kuzirudisha kwa mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Namna walivyopungua zinatofautiana sana, lakini asilimia 90 hivi husema wanafanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Wataalamu wa tiba ya michezo nao walikwisha kuandika, mwaka 2009, kwamba chini ya dakika 150 kwa wiki mazoezi peke yake hayapunguzi uzito wa kutajika, kwamba kati ya 150 na 250 huzuia uzito usipande, na kwamba anayetaka kuona mzani ukishuka kwa mazoezi avuke 250. Dakika zangu 225 ziliangukia pale hasa ambapo ningetarajiwa kusimama, na ndipo niliposimama.

Kwa hiyo nilimpigia simu tena mdogo wangu juzi. Nilimwambia aanze na dakika 20 kwa sababu ya magoti, apite njia ya tambarare na si ile ya mlimani, na amweleze daktari wake kwanza, kwa kuwa anatumia dawa za kushusha sukari na hatutaki imshukie njiani. Nilimwambia apime kiuno, siyo uzito tu, na apime mara moja kwa wiki badala ya kila asubuhi, kwani mzani hupanda na kushuka kwa maji na chumvi na kumtia mtu wazimu bure. Kisha nikamuuliza anaweka vijiko vingapi vya sukari katika chai. Akasema viwili. Nikasikia sauti ya shemeji yangu kwa mbali akicheka, akasema, "Mwambie ukweli kaka yako, ni vinne."